Wifi, anza na samadi kabla ya masika

Wifi yangu,

Kiwanja ulichopata hapo Lamu ni mchanga mtupu, na kisima chake kina maji ya chumvi. Mboga zitatoka, lakini kazi ianze sasa, kaskazi ingali inavuma.

Samadi ya punda imejaa mjini, ila usiifukie mbichi. Huunguza mizizi, tena tumbo la punda halisagi vizuri mbegu za nyasi, kwa hiyo utakuwa unajipandia magugu. Irundike kivulini, iloweshe, igeuze kila wiki 2 kwa miezi 2 au 3, mpaka iwe nyeusi na inukie udongo.

Matuta ya kuinuka waachie watu wa bara. Mchanga ulioinuliwa hukauka upesi mno. Chimba majaruba yaliyoshuka kidogo, upana mita 1 ili mkono ufike katikati, kina sentimita 30, na kila mita 1 ya mraba uchanganye debe moja la samadi iliyoiva. Ukikuta mizizi ya bamia za zamani ina vifundo, humo mna minyoo wasioonekana kwa macho. Hapo usirudishe bamia, nyanya wala biringani. Jaza tageti, yale maua ya manjano yenye harufu kali, msimu mzima, kisha ikatekate uifukie.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Ngoja inyeshe hadi isukume chumvi chini. Fukua kwa mkono: unyevu ukifika shibiri moja, ndipo upande. Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu, zifunike nusu sentimita tu, utandaze makuti. Zikichipua, ondoa makuti jioni ileile, la sivyo miche hurefuka, hulegea na kuoza shingoni. Bamia ziloweke usiku kucha, mbegu 2 kila shimo, mashimo yaachane sentimita 30.

Sasa maua. Tenga ukanda wa mita 2 pembeni, na usiutie samadi hata chembe, maana rutuba hunenepesha nyasi, nazo huyameza maua. Palilia, kwaruza kwa reki, mwaga mgagani na mrihani, kisha kanyagakanyaga. Nakusihi usiukate ukanda huu ukidhani ni pambo. Maboga na matango yana ua dume na ua jike mbalimbali. Nyuki wasipopita, tunda changa hugeuka manjano na kudondoka.

Mgagani chuma majani machanga kwa mboga, ila michache iache ikomae. Maganda yakianza kukauka, yakate mapema kabla hayajapasuka, uyaanike juu ya kitambaa.