Mwanangu, usimcheke sajini wa soksi

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama. Sisi huku hatujambo.

Unasema theluji imeanza kuingia kambini kwenu Fort Drum, jimbo la New York, kutoka upande wa Ziwa Ontario, na kwamba sajini wenu anawakagua soksi kila jioni kama watoto wa chekechea, nanyi mnamcheka. Usimcheke. Jambo analowalazimishia, Jeshi la Marekani lililijua kwa kupoteza watu, likalisahau, likaja kulijua upya kwa kupoteza wengine. Kwenye baridi ya vita adui wa kwanza ni maji: ya mvua, ya matope, na ya jasho lako mwenyewe.

Chukua Ulaya, Novemba 1944. Jeshi la Tatu la Jenerali Patton lilianza kusonga kuelekea Metz, mji wa Ufaransa, tarehe 8 mwezi ule, mvua ikinyesha bila huruma. Ardhi haikuwa imeganda bado, na mtego ulikuwa hapo hapo, maana mtu anaogopa barafu wakati mguu unaharibika kwenye matope ya nyuzi tano au sita za Selsiasi. Mguu ukikaa umelowa kwa siku mbili tatu, mishipa hujibana ili kulinda joto la mwili, damu haifiki vidoleni na nyama inakosa oksijeni. Mwanzoni unauma, kisha unakufa ganzi. Askari akishukuru kwamba maumivu yamekwisha, ndiyo kwanza ameumia. Mguu ule ukipata joto huvimba, huwa mwekundu na kuwaka hata shuka haligusiki, na buti likishavuliwa halirudi. Hadi majira yale yanakwisha, Wamarekani zaidi ya 45,000 walikuwa wameondolewa vitani Ulaya kwa madhara ya baridi. Hao ni kama divisheni tatu, na wengi walikuwa askari wa miguu wa mstari wa mbele, ambao ndio waliokuwa haba kuliko wote.

Lawama nyingi ziliangukia buti. Lile la kawaida lilikuwa la ngozi, na maji yalipita. Tena aliyepimwa kwa soksi moja, akaongeza ya pili baridi ilipozidi, alijikaba miguu mwenyewe. Buti linalobana huzuia damu sawasawa na baridi. Kulikuwa na buti bora, chini mpira na juu ngozi, lenye kitambaa cha felti ndani na nafasi ya soksi nzito za sufu, lakini wengi walilipata vita ikishaingia katikati ya majira ya baridi. Mwezi wa Septemba mafuta yalikuwa yakiisha, na Jenerali Bradley akaamua kwa makusudi petroli na risasi zitangulie, nguo za baridi zisubiri. Uamuzi ule naweza kuuelewa. Nisichoweza kukielewa ni kwamba kisiwani Attu, huko Alaska, Mei 1943, baridi na unyevu vilikuwa vimeshawaangusha Wamarekani wapatao 1,200, wengi kidogo kuliko waliojeruhiwa na Wajapani. Taarifa ilikuwepo mezani mwaka mzima na zaidi.

Kilichokuja kusaidia ni utaratibu wa sajini wako. Soksi kavu zilipelekwa mbele pamoja na chakula, na askari wakapangwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake. Fanya hivi: vua buti moja tu kwa wakati, maana ukishambuliwa huwezi kukimbia miguu mitupu. Kausha hasa katikati ya vidole. Mwenzako ausugue mguu dakika tano hivi, mpaka rangi irudi. Vaa soksi kavu, kamba usizikaze. Ile iliyolowa itie ndani ya shati, kwenye ngozi ya tumbo. Ukiitundika nje itaganda. Mkiwa handakini tandikeni matawi ya misonobari chini, maana maji hukusanyika miguuni. Ila kusugua ni kwa mguu mzima. Ulioanza kuwa mweupe na kufa ganzi usiusugue wala kuusogeza kwenye moto, maana hausikii na utaungua bila wewe kujua. Ukaushe, uinue, upashe mwili joto, kisha muite tabibu. Na mguu ulioganda kabisa usiuyeyushe kama bado una safari. Mguu ulioganda unaweza kutembelewa ukikosa njia nyingine. Ulioyeyushwa ukaganda tena hauponi.

Sasa nenda Korea, bwawa la Chosin, mwisho wa Novemba 1950. Pale hakukuwa na matope. Baridi ilishuka nyuzi thelathini na kitu chini ya sifuri, na Wamarini, askari wa Marekani wa kutua pwani, walikuwa wamevaa lile lile buti la mpira lililosubiriwa kwa hamu Ulaya. Likawageuka. Mpira haupitishi jasho nje. Mtu anapanda mlima na mzigo, felti inalowa, akisimama kulinda usiku ile felti inaganda imegusana na nyayo. Dawa ilikuwa kubadili soksi na felti kila mnaposimama, kazi ngumu kwa vidole visivyofunga hata kifungo huku askari wa China, walioingia vitani upande wa Korea Kaskazini, wanakuja gizani. Divisheni ya Kwanza ya Marini iliandika zaidi ya 7,000 walioondoka kwa sababu zisizo za risasi. Wengi walikuwa wameganda miguu, wengine matumbo yameharibika kwa kula chakula cha mkebe kikiwa barafu tupu.

Vifaa navyo viligoma. Mafuta ya bunduki yaliganda, ikabidi silaha ifutwe ibaki karibu kavu; bunduki fupi aina ya kabini zilikwama mno, bunduki ndefu ya M1 Garand ikavumilia. Injini ziliwashwa kila baada ya muda usiku kucha, la sivyo asubuhi haziwaki. Plazma, maji ya damu wanayoongezewa majeruhi, iliganda ikashindwa kutumika. Wauguzi wa jeshi la wanamaji walibeba sindano za mofini, dawa ya maumivu, mdomoni ili ziwe majimaji mgonjwa akifika.

Baada ya hapo likatengenezwa buti jipya, tabaka mbili za mpira zilizofungia sufu katikati bila hewa kupita. Ukipewa, jua kwamba soksi yako bado italowa jasho, ni ile sufu tu isiyolowa. Kwa hiyo kubadilisha soksi kuko palepale. Lina valvu ndogo pembeni: ndani ya ndege ifungue, ukishuka ifunge. Ukiiacha wazi, maji yakiingia katikati ya mpira buti limekwisha.

Ulitaka pia habari za wanamaji. Kwao maji yanapanda kutoka chini. Atlantiki ya kaskazini, mawimbi yanarusha matone, matone yanaganda juu ya mizinga, kamba na milingoti, na uzito huo wote unakaa juu. Meli inalala ubavu na kuchelewa kuinuka. Hapo wote wanatoka na nyundo na marungu kupasua barafu, zamu kwa zamu, wakianzia sehemu za juu.

Mtu akianguka majini, mikono ndiyo inayotangulia kufa. Meli ya kubeba askari Dorchester ilipopigwa torpedo karibu na Greenland tarehe 3 Februari 1943, ikiwa na watu zaidi ya 900, waliookolewa walikuwa kama 230 tu. Kamba na nyavu zilishushwa, lakini vidole havikuweza kushika. Meli ya walinzi wa pwani Escanaba iliteremsha waogeleaji waliovaa suti za mpira, wamefungwa kamba, wakawa wanawafunga manusura mmoja mmoja ili wavutwe. Njia ile iliokoa watu zaidi ya 130.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Februari 1942, manowari Truxtun na meli ya mizigo Pollux zilipasuka kwenye miamba ya Newfoundland katika tufani, wakafa 203. Lanier Phillips, kijana mweusi aliyekuwa mhudumu wa chakula, alifika ufukweni amejaa mafuta mazito, akajilaza. Mtu wa pale alimwinua akamwambia akilala atakufa, akamtembeza. Akina mama wa St. Lawrence, mji mdogo wa pale, wakamwogesha, wakidhani weusi wake ni mafuta. Baadaye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa fundi wa sona, chombo cha kusikiliza chini ya maji, katika jeshi la wanamaji la Marekani. Shika hilo la kutolala: mtu akiacha kutetemeka na kuanza kutaka usingizi, usimwamini akisema yu mzima. Mvue nguo zilizolowa, mfunike na mwingine mwenye joto, mpe kitu kitamu cha moto kama anaweza kumeza. Pombe asipewe.

La mwisho ni petroli. Haigandi kwa baridi ya huko, hivyo ikimwagika mkononi inakuwa na baridi ile ile ya nje na ngozi inaganda mara moja. Unapojaza mafuta vaa glavu zisizopenyeza, weka jozi nyingine kavu kifuani.

Mama yako anauliza namba ya kiatu chako. Jibu ukiwa umepima na soksi mbili.

Baba yako