Barua ya wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: majina yetu yako wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Dodoma.

YAH: NAMBA ZA WATU WASIOKOPA ZILIZOBAKI KWA WAKOPESHAJI WA MTANDAONI

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Sisi mafundi simu wa Kariakoo tulifurahi. Wateja walikuja mfululizo wakitaka tuwafutie programu hizo, tukawafutia. Ila kuna jambo limebaki wazi, na kwa kuwa linahusu taarifa binafsi, naona wa kulijibu ni ninyi. Programu imefungiwa, mteja ameifuta, mkopeshaji amebadili jina na rangi ya nembo. Yale majina na namba alizozikusanya kwenye simu zetu yako wapi sasa hivi?

Naomba nieleze kazi hii inavyofanyika, maana wengi wanadhani ukifuta programu yamekwisha. Mtu akishaiweka kwenye simu, hata kabla hajaandika jina lake, anaulizwa kama anairuhusu isome namba alizohifadhi. Anaulizwa tena kuhusu meseji, mahali alipo, picha zake. Akigusa "Usiruhusu", ukurasa wa mkopo haufunguki. Huyu ni mtu ambaye mtoto wake kakosa nauli ya kwenda shule, au kodi ya chumba imefika na mwenye nyumba yuko mlangoni. Anagusa "Ruhusu". Hapo hapo nakala ya majina yote inaweza kuondoka kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia taarifa, ya kampuni. Majina elfu moja na namba zake ni faili dogo, jepesi kuliko picha moja ya kamera. Hata mtandao ukiwa unasuasua linafika ndani ya sekunde chache. Baada ya hapo aifute programu, abadili laini, hata aitupe simu jalalani, nakala iko kule. Na kama karuhusu meseji zisomwe, basi mkopeshaji anajua pia nani humtumia pesa, kiasi gani, na tarehe ngapi ya mwezi.

Kumfungia mkopeshaji wa namna hii bila kudai orodha alizonazo ni kufunga duka la mwizi na kumwacha aondoke na mali ya watu.

Mwaka jana mama mmoja anayeuza dagaa Buguruni aliniletea simu yake akitaka nizuie namba zinazomsumbua. Simu ni ya kitochi. Haina programu, haina intaneti, na yeye mwenyewe hajawahi kukopa popote zaidi ya kwenye kikoba chao. Nikamsomea meseji moja baada ya nyingine, kwa sababu maandishi yale madogo yalikuwa yanamshinda. Zilimtaja mwanamke fulani kwa majina matatu, zikataja deni lake hadi shilingi ya mwisho, zikasema ni mtoro na mwizi, na kwamba mama huyu, kama mdhamini wake, ahakikishe deni limelipwa kabla ya saa sita mchana, la sivyo jina lake nalo litasambazwa. Mama hakuwahi kumdhamini mtu. Kilichonishtua ni jinsi meseji zilivyomwita: "Mama Dagaa Buguruni". Mtaani kwake hakuna anayemwita hivyo. Baadaye ilibainika ndivyo yule mwenye deni, mteja wake, alivyomhifadhi kwenye simu, asimchanganye na muuza dagaa mwingine. Mkopeshaji alichukua hata hilo, akalitumia kama jina la mtu.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililoelezwa, tena kwa kiasi kinachohitajika tu. Mama yule hakuelezwa lengo lolote. Hakuulizwa, hakukubali. Aliyegusa "Ruhusu" ni mtu mwingine kabisa, na sioni ni kwa sheria gani mtu mmoja anaweza kutoa ridhaa kwa niaba ya mamia ya watu waliomo kwenye simu yake: daktari wake, mwalimu wa mwanawe, sheikh au mchungaji wake, mume waliyeachana.

Wakopeshaji husema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na simtetei anayekopa kisha akakimbia. Lakini dawa hiyo ainywe aliyekopa. Suala la riba na makato nalo nawaachia Benki Kuu. Ninalolileta kwenu ni la watu ambao hawakupokea hata senti.

Mtaambiwa pia kwamba Google imeshalimaliza tatizo. Ni kweli kwamba tangu Mei 31, 2023 masharti ya Play Store, duka lake la programu, yanazikataza programu za mikopo binafsi kusoma namba na picha zilizo kwenye simu ya mteja. Lilikuwa jambo jema. Ila ninachokiona mezani kwangu ni kwamba njia zimebadilika tu. Mteja anatumiwa kiungo kwa WhatsApp, anaambiwa abadilishe mipangilio ya simu ili ikubali programu kutoka nje ya Play Store, naye anafuata maelekezo hatua kwa hatua. Programu iliyoingia kwa njia hiyo haikupita kwenye ukaguzi wa duka. Wengine wameacha kabisa kusoma simu. Wanamtaka mkopaji aandike mwenyewe namba za "wadhamini" ambao hawapigiwi kuulizwa mpaka siku deni linapochelewa. Na masharti ya duka hayagusi nakala zilizochukuliwa kabla yake.

Majirani zetu wameshaonyesha kwamba mdhibiti anaweza kuwafikia hawa watu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Uamuzi ulitangazwa, kampuni ikatajwa, kiasi kikatajwa. Mwananchi wa kawaida alipata kujua kwamba jambo lile lina jina kisheria na lina bei.

Tume yenu ilizinduliwa rasmi Aprili 2024, na sheria imewapa mamlaka ya kupokea malalamiko, kuchunguza na kutoza faini. Ninaomba mamlaka hayo yaanzie kwenye ile orodha ya 69. Waliokuwa wakiziendesha waitwe, waeleze walikusanya namba ngapi, ziko kwenye seva za nchi gani, waliwapa akina nani, kisha zifutwe mbele ya wakaguzi wenu. Mkiambiwa seva ziko ng'ambo, sheria hiyo hiyo ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Waulizwe walipeleka kwa kibali gani. Mkiambiwa wenyewe hawajulikani, kila laini iliyotuma meseji zile ilipaswa kusajiliwa kwa alama za vidole. Ushirikiano wenu na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kampuni za simu unatosha kupata pa kuanzia.

Kuna njia ya kulalamika pia. Watu wengi wakipata meseji hizi huzipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Namba iliyotuma ikifungwa, kesho inakuja nyingine, kwa sababu orodha haijaguswa. Asiyekopa anahitaji mahali pake pa kusema, "Namba yangu imechukuliwa bila idhini yangu." Hana mkataba wa kuonyesha wala namba ya mkopo, kwa hiyo fomu isimdai vitu hivyo. Na isiwe ya kujaza kwenye tovuti peke yake. Mama wa Buguruni anajua kubonyeza nyota na reli kuangalia salio lake. Mkimpa njia ya namna hiyo atalalamika mwenyewe, bila fundi wala wakili, na ushahidi anao kwenye kitochi chake kwa sababu nilimwambia asifute hata meseji moja.

Nikipata majibu yenu nitayabandika kibandani kwangu, Mtaa wa Aggrey, wateja wayasome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu, Kariakoo, Dar es Salaam