Asante, kaka uliyenisomea bunduki ya baba mkwe

Kaka yangu, umekataa nikutaje jina, na nimeheshimu. Ila asante siwezi kuimeza.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alituachia hapa Marekani bunduki kuukuu ya marisau, L.C. Smith ya mitutu miwili. Kila ndugu alikuwa na hadithi yake kuihusu. Wewe ndiye uliyeitenganisha mitutu na kitako, ukamulika tochi kwenye bapa la chini ya mitutu, palipochongwa namba ya bunduki. Tarakimu mbili zilikuwa zimefunikwa na mafuta yaliyoganda. Ukazisugua polepole kwa kitambaa tu, brashi ya chuma ukaikataza kabisa. Ukanieleza kwamba ni kazi ya kiwanda cha Hunter Arms cha Fulton, New York, na kwamba daftari za kiwanda zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya silaha mjini Cody, Wyoming. Hata fomu ya kuwaomba taarifa za bunduki hii ulinijazia.

Barua yao imefika! Inataja daraja la bunduki, urefu wa mitutu, siku iliyotoka kiwandani na duka lililoipokea. Duka lenyewe lilikuwa kwenye mji aliozaliwa babu yake mume wangu. Mama mkwe ameisoma mara tatu, kisha akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.