Barua kwa wifi yangu wa Dodoma: njooni Tanga mwezi ukiwa mpevu

Wifi yangu mpenzi,

Ujumbe wako umenifika, na orodha nimeisoma yote: Amboni, Raskazone, Tongoni, Pangani, Maziwe, majimoto ya Galanos, kisiwa cha Toten. Siku nne, watoto watatu, na kitindamimba wako bado anabebwa akisinzia. Wifi, hiyo ni ratiba ya mkaguzi wa miradi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kila shule zikikaribia kufungwa maswali kama yako hunijia kutoka kwa ndugu wa bara, na majibu yangu ni yaleyale.

Tuanze na mwezi. Umeuliza wa sita au wa kumi na mbili. Njooni wa kumi na mbili. Mwezi wa sita huku ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari inachafuka, na mashua ya kwenda Maziwe itawatikisa watoto mpaka watapike chai waliyokunywa asubuhi. Disemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaanza kushika na maji hutulia, hasa asubuhi. Joto litakuwepo, sikufichi, na mvua za vuli zinaweza kuwa hazijamaliza kuaga. Yote hayo yanavumilika. Mawimbi ya kusi na mtoto wa miaka mitatu hayavumiliki.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, angalia na mwezi wa angani, na hapa ndipo nyinyi wa bara mnapopitwa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunakuwa kwenye bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo mwanao wa darasa la tano anaweza kuwa ameshayasoma. Asichosoma ni saa. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, saa kumi yameshuka.

Sasa piga hesabu kama mama. Siku ya bamvua, watoto wakishakunywa uji, bahari imejiondokea na kuwaachia uwanja mpana wa mchanga, matope na vidimbwi vya kuchezea. Jua likikaza mnarudi nyumbani, wanakula, wanalala. Wakiamka saa tisa na nusu, jua limelegea na maji yamerudi hadi karibu na ufuo. Wanaoga mpaka Magharibi. Siku nzima imejipanga bila wewe kufoka. Siku ya maji mafu wataogelea asubuhi jua likipanda, na mchana wote watakuuliza kwa nini bahari imeondoka. Ndiyo maana nasema njooni mwezi ukiwa mpevu au siku moja baada yake. Kama humo ndani mna kalenda ya Kiislamu ukutani, tazama tarehe 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, au 1 hadi 3. Hapo huhitaji programu yoyote ya simu.

Siku ya kwanza nitawapeleka Mwambani maji yakiwa yamekupwa. Najua unataka kuanza na Amboni kwa sababu ndiyo yenye jina, lakini nisikilize. Mtoto ambaye hajawahi kuona bahari hashangazwi na pango. Anashangazwa na kaa. Watakuta kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kimelala kwenye dimbwi, watakuta wanamizi, kaa wadogo waliobeba nyumba zao mgongoni, wakigombania kombe lililo kubwa zaidi, na pembeni kwenye mikoko watamwona yule samaki anayetoka majini na kurukaruka juu ya tope kana kwamba ameamua kuacha kazi ya usamaki. Wataona wanawake wenye fimbo wakichokoa pweza kwenye mashimo ya miamba. Waache wawasalimie na kuuliza. Shikamoo moja ya mtoto itawapatia somo ambalo mwongozaji wa kulipwa hana. Na mikoko si mti mmoja. Kuna mkoko wenyewe wenye mizizi ya kuning'inia kama miguu mingi, kuna mchu unaochomoza vijiti kutoka kwenye tope, kuna mkandaa. Huyo wa kati anayependa kuhesabu mpe kazi ya kutafuta aina tatu, atatulia saa nzima.

Mambo mawili ya kuwa mkali nayo. La kwanza, makombe. Lenye mwenyewe ndani liachwe palepale. Si huruma tu: kuna konokono wa bahari mwenye umbo la pia, gamba lake linang'aa kwa madoa mazuri, na ana mwiba wenye sumu kali inayoweza kuua mtu mzima. Waambie watoto kombe zuri la pia halishikwi, basi, bila mjadala. Na hata lile linaloonekana tupu litikisweni, kwa sababu mwanamizi hujificha ndani, na usiku utamsikia anatembea kwenye begi lako la nguo. La pili, bamvua ikianza kujaa haibishi hodi. Maji hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yenu, na watu wanaotazama upeo wa bahari hugeuka wakakuta wamezungukwa. Ukiwaona wale wanawake wa pweza wanaanza kurudi, na nyinyi rudini, hata kama saa yako inasema bado.

Miguuni, yeboyebo za kufunga nyuma. Kandambili zitabaki kwenye tope. Miamba inakata, na wale wadudu weusi wa miiba mirefu wanakaa hasa kwenye vidimbwi vinavyovutia. Mtoto akichomwa, usichimbue kwa sindano. Wavuvi hapa hupaka utomvu wa papai bichi.

Raskazone itakuwa ya jioni. Ni ndani ya ghuba, mawimbi ni madogo, na yapo maeneo ya kulipia kidogo ukapata kivuli, choo na maji baridi ya kuoshea chumvi. Usitegemee mtu wa kulinda waogaji. Mlinzi ni wewe na kaka yangu, kwa zamu, na aliye zamu hashiki simu. Jumapili na sikukuu pamejaa mno, twendeni siku ya kazi. Kuhusu mavazi, watoto wavae watakavyo, ila mikono mirefu ndiyo inayozuia mabega kubabuka. Wewe mwenyewe utawaona kina mama wanaingia na dera. Ni heshima yetu na wala hakuna atakayekutazama, lakini dera likilowa ni zito kuliko mtoto. Chini yake vaa suruali ya kubana, juu fulana, kanga uiache kwa bibi anayeuza mihogo.

Maziwe sasa. Hii ndiyo safari kubwa, na ningekuwa mimi ningekata mengine yote kwenye orodha yako niibakishe hii. Tutaenda Pangani, kilomita kama 50 kusini ya mji, tuvuke mto kwa pantoni hadi Bweni, tuendelee mpaka Ushongo. Hiyo pantoni tu ni burudani. Magari, baiskeli, mbuzi, wanafunzi, wote mnasogea pamoja juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwambie mkubwa kwamba sehemu ya maji hayo imeanzia Kilimanjaro na Meru, ikapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ndiyo hiyo inaingia baharini mbele yake. Kwa sababu ya mto, ufuo wa mjini Pangani si wa kuogelea watoto: maji ni ya tope na mkondo unavuta. Ushongo mchanga ni mweupe na minazi imeinama vizuri kwa wapiga picha kama wewe.

Kisiwa chenyewe ni fungu la mchanga katikati ya bahari. Kimekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na siku hizo kilikuwa na mivinje mikubwa. Wazee wa Pangani wanaikumbuka. Miti ikafa, mchanga ukaliwa, na miaka ya 1980 ilipoanza hapakuwa tena na kivuli hata cha kuku. Leo kwenye bamvua maji yakijaa kisiwa chote kinamezwa. Ndiyo sababu mashua inaondoka asubuhi maji yakishuka, na nahodha akisema tuondoke tunaondoka, hata kama mtoto hajamaliza kujenga ngome yake. Kasa bado wanakuja kutaga pale kwa mazoea ya vizazi. Mayai yakiachwa yanafurikwa na maji ya chumvi na kuharibika, hivyo watu wa uhifadhi huyahamishia kwenye ufuo wa Ushongo yakaanguliwe huko. Ukibahatika kufika siku ya kuanguliwa utaviona vitoto vya kasa vikikimbilia majini. Usiwaahidi watoto, lakini uliza tukifika.

Kabla ya kupanda mashua hesabu jaketi okozi, na moja iwe ndogo ya mtoto. Ambalo limening'inia mpaka magotini ni pambo. Kama hakuna la kitindamimba, mimi nitabaki naye Ushongo tule madafu, nyinyi nendeni. Chukueni mwavuli mkubwa au turubai dogo, maji mengi kuliko mnavyodhani, na mafuta ya jua. Mchanga mweupe unarudisha jua usoni hata ukivaa kofia.

Amboni tutakwenda mchana wa siku ya mapumziko, joto likizidi. Ni kilomita 8 tu kutoka mjini, barabara ya kuelekea Horohoro, na ndani ya pango ni baridi ya kupendeza. Mawe ya chokaa, umri wake unatajwa kuwa miaka milioni 150, mapango ni mengi lakini wageni huingizwa mojawapo kwa kurunzi na mwongozaji. Kuna mahali mtu mzima anainama sana, mahali watoto watapita kwa furaha na kaka yangu kwa taabu. Kuna popo. Kuna umbo la jiwe ambalo mwongozaji atasema ni sofa, jingine Kilimanjaro, jingine meli, na wakubwa mtatikisa kichwa kwa adabu huku watoto wakiyaona kweli. Kuna mahali pa mzimu, utakuta marashi na vitambaa vya watu waliokuja na shida zao. Wakatazeni watoto kugusa na kucheka. Hadithi ya mbwa aliyepotelea humo akaibukia mkoa mwingine kabisa mtaisimuliwa hata msipoiomba. Mimi bado naipenda.

Tongoni ni kwa ajili ya mkubwa. Iko njiani kwenda Pangani, tutasimama nusu saa, si zaidi. Msikiti uliobaki kuta, makaburi zaidi ya 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu za mawe, ya karne za 14 na 15. Mwambie kwamba mwaka 1499, katika maji ya karibu na hapo, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moja ya meli zake mwenyewe, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Ataiuliza hiyo habari mpaka Pangani. Wale wadogo watakimbiza mijusi, na ni sawa tu. Galanos tuache, maji yananuka kama yai viza na hakuna mtoto atakayekushukuru. Toten nako tuache.

Uliniuliza pembeni kuhusu kitindamimba kwamba analia hata akiona beseni limejaa. Usimwambie mtu yeyote amtupie majini ili azoee. Wajomba wengi hudhani hiyo ni dawa. Ulete ndoo na kata kutoka nyumbani, vile anavyovijua. Akae pale mchanga unapolowa, ajaze ndoo, amwage, ajaze. Maji yakiwa yanajaa jioni yatamfuata yenyewe, vidole, visigino, magoti, na ataamua mwenyewe aendelee au anyanyuke. Akinyanyuka, mwacheni.

Safari: watoto wapandeni nao treni ya umeme hadi Morogoro, wataifurahia, kisha basi kupitia Chalinze na Segera. Muheza mtashawishiwa machungwa dirishani, nunueni. Nyumbani kwangu kuna vyandarua vitano na baiskeli mbili, na juisi ya bungo nitaigandisha kabla hamjafika. Nitumie tarehe kabla ya kukata tiketi nilinganishe na mwezi. Na kaka yangu mwambie ile spika yake kubwa aiache Dodoma, majirani zangu wanalala saa tatu.

Wifi yako wa Tanga