Shanga za Bibi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa. Sisi huku Colorado hatujambo, baridi tu ndiyo inaanza. Juma atakusomea; mwambie asome polepole.

Jumamosi tulikwenda Bent's Old Fort, ngome ya kale ya biashara karibu na mji wa La Junta. Nilipouona ukuta wake nikasimama. Ni tembe, Bibi! Matofali ya udongo uliochanganywa na majani, paa bapa, vyumba vimeuzunguka ua, lango kubwa la mbao. Nikakumbuka ulivyotupeleka Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, tukiwa wadogo. Hili lilijengwa mwaka 1833 na ndugu wawili wa ukoo wa Bent pamoja na mwenzao St. Vrain, likaachwa 1849, na limejengwa upya 1976 kwa kufuata vipimo vya mwanajeshi mmoja, James Abert. Ng'ambo ya mto Arkansas ilikuwa Mexico enzi hizo. Misafara ilitoka Missouri kwenda Santa Fe, nao wenyeji wa huku, Wacheyenne na Waarapaho, walileta hapa ngozi za nyati wa huku, zenye manyoya mazito, wakachukua nguo, visu, sufuria na shanga.

Hizo shanga, Bibi! Dukani zimetundikwa vishada vishada. Nikakiinamia kimoja: shanga nyekundu, ndogo kama punje za mtama, na kwenye tundu unaona kiini cheupe. Sami-sami hizo, kama ulivyozoea kuziita. Zilitengenezwa Venice, kule Italia. Nyingine zikaletwa huku, nyingine zikashuka Zanzibar. Za huku zilipakiwa kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe na nyumbu. Pale uani lipo moja, gurudumu lake la nyuma linanifika kifuani. Kwetu mbung'o aliua wanyama wa mizigo, basi zile za Zanzibar zilipanda mabegani mwa babu zetu, Bagamoyo mpaka Unyanyembe, frasila mbili, yaani kama kilo thelathini na mbili, kwa mtu mmoja. Nililishika gurudumu lile, nikawa nawaza mabega yao tu.

Jikoni nilikaa zaidi. Aliyepika humo alikuwa mwanamke mweusi, Charlotte, mtumwa wa akina Bent. Mwaka 1847 Charles Bent, mmoja wa wale ndugu wawili, aliuawa na waasi kule Taos. Mumewe Charlotte, Dick Green, akaenda kupigana na waasi hao, na aliporudi, William Bent, yule ndugu wa pili, akawaacha huru mke na mume. Iliniuma. Awalishe watu miaka yote ile, halafu uhuru wake umngojee mumewe aende vitani! Nilimwombea dua palepale, kando ya jiko lake.

Bibi, naomba Juma afungue kibweta chako, atoe shanga moja nyekundu, aitazame tundu lake kwenye mwanga wa dirisha. Akiona weupe ndani anipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mjukuu wako,
Mwajuma