Kwa nini hatukuuzii baiskeli ya mbio kabla hujaiendesha nusu saa

Jumamosi moja kijana wa Isevya, hapa Tabora, aliingia dukani kwetu, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyekundu iliyoning'inia ukutani. Tukaishusha. Akainyanyua kwa mkono mmoja na kucheka, maana Phoenix ya nyumbani kwao, ile baiskeli ya kawaida, inakaribia kilo 20 na hii haifiki 10. Akauzunguka nayo mwembe ulio mbele ya duka mara mbili, akarudi akiwa ameshatoa pochi. "Fundi, hii hii. Nimeipenda."

Hatukumuuzia siku ile. Aliondoka amenuna, na si yeye tu. Wapo wateja wanaotuona kama hatutaki hela. Ndiyo maana naandika haya.

Sisi wa Tabora tumekulia kwenye baiskeli. Wengi tulijifunza kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo wa fremu kabla hatujaifikia siti. Kwa hiyo mtu huona baiskeli ni baiskeli, akishajua moja anazijua zote. Lakini Phoenix inakukalisha wima, usukani uko juu na karibu, na hata kama fremu si ya kimo chako itakuvumilia mpaka Kaliua. Baiskeli ya mbio haina uvumilivu huo. Inakuinamisha, inagawa uzito wako kati ya makalio, miguu na viganja, halafu inakushikilia hapo hapo saa nzima. Sentimita tatu zikizidi kwenye urefu wa fremu, shingo inajua.

Na hapa ndipo mnunuzi wa kwanza anapopotea. Dakika za mwanzo kila kitu ni kigeni kwake: usukani unageuka kwa kuguswa tu, macho yanaona lami badala ya watu, siti ni nyembamba. Ugeni huo umechanganyika na kasoro za kweli kama zipo, na mwili hauwezi kuvitenganisha. Mmoja anaiogopa baiskeli inayomfaa, mwingine anaipenda isiyomfaa kwa sababu anadhani ataizoea. Baada ya robo saa hivi mambo mawili yanaachana njia. Ugeni unapungua kila ukikanyaga. Maumivu ya fremu isiyokuenea yanaongezeka. Kuzunguka mwembe mara mbili hakuwezi kukuonyesha hilo.

Mimi nililijua kwa mwili wangu. Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio nilinunua mtumba kwa muuzaji mmoja, nikaijaribu uani kwake tu. Safari ya kwanza nikashika lami ya Urambo. Hata kabla jua halijawa kali, kidole cha mwisho na kinachofuata, mikono yote miwili, vilikufa ganzi, nikawa nashindwa hata kufungua mfuniko wa chupa ya maji. Nikabadilisha siti. Nikafunga vitambaa kwenye usukani. Nikabadilisha siti tena. Miezi minane nilihangaika na vitu vinavyobadilika, kumbe kosa lilikuwa kwenye kitu kisichobadilika. Fremu ilikuwa ndefu kuliko mimi. Siti inapanda na kushuka, shingo ya usukani unaweza kuweka fupi kidogo au ndefu kidogo, tairi na gia vinanunuliwa. Fremu haikatwi wala haiungwi.

Kwa hiyo ukija, kitu cha kwanza hatukupi bei. Tunakupima wewe, kisha baiskeli. Mtu wa mita 1.70 mara nyingi tunaanza naye kwenye fremu ya sentimita 52 au 54, lakini namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu wapo wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na wapo wa kinyume chake. Unapanda ukiwa umeegemea ukuta, unaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na siti inapandishwa mpaka goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha mguu ukakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo, na ndivyo tunavyotaka. Juu ya siti tunalaza pimamaji la seremala, ili isiinamie mbele ikakumwaga mikononi. Halafu tunachukua timazi, ile ile ya fundi mwashi. Pedali zikiwa zimelala sawa mbele na nyuma, tunaishusha kamba kutoka mbele ya goti tuone uzito wake wa chini unaangukia wapi. Ukifika karibu na ekseli ya pedali, siti imekaa vizuri pa kuanzia. Kazi hii inachukua dakika kumi. Ukijaribu baiskeli ambayo siti haijapangwa, umeijaribu siti ya mtu mwingine.

Swali moja uliza kabla hujaondoka, hapa au popote: breki ya mbele iko mkono gani? Baiskeli nyingi zilizotoka Uingereza au Japani, ya mbele ni mkono wa kulia. Zilizotoka Ufaransa, Uholanzi na majirani zao, mara nyingi ni kushoto. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kweli, na ndiyo inayokupindua ukiibana ghafla. Tunataka uijue tukiwa bado mlangoni.

Njia tunayopenda ni barabara ya Itigi, kilomita tano kwenda na tano kurudi, asubuhi mapema kabla malori hayajaanza. Wakati wa kiangazi upepo unatoka mashariki, kwa hiyo unapokwenda unakupiga usoni na unaporudi unakusukuma. Tumeichagua kwa makusudi. Upepo wa uso ndio utakaokufanya ushuke kushika zile pembe za chini za usukani, na hapo ndipo utajua kama mgongo unafika au unalazimishwa. Badilisha gia ukiwa unakanyaga taratibu, usisubiri mpaka cheni imekaza. Mikono ikae juu ya vishikio vya breki, viwiko vimelegea. Ukifika kwenye tuta, simama kidogo kwenye pedali, usilipokee na makalio. Na usitoke kwenye lami kuingia mchanga wa pembeni kama ulivyozoea na Phoenix, tairi nyembamba itazama na usukani utakuponyoka.

Ukirudi hatukuulizi kama umeipenda. Tunakuuliza panauma wapi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, au ukijisikia nyonga zinacheza kulia na kushoto, siti iko juu. Hayo tunayarekebisha pale pale na unatoka tena. Viganja vikichoka, tunaangalia mlalo wa siti na urefu wa shingo ya usukani. Lakini ikiwa tumeshayapanga yote, na bado mikono imenyooka kama unasukuma mkokoteni, mabega yamepanda masikioni na shingo inalalamika, hiyo fremu ni ndefu kwako. Tunairudisha ukutani, hata kama mkononi umeshika hela taslimu.

Sasa tairi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaliwa hela kila wiki. Tairi ya Phoenix inaitwa ya inchi 28. Tairi ya baiskeli ya mbio, ambayo wenyewe huiandika 700C, nayo wengine huiita 28. Siyo kitu kimoja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya Phoenix ni 635, ya mbio ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu, na tofauti ya milimita 13 hakuna fundi wa kuiziba. Zipo pia baiskeli za mbio za zamani zenye rimu ya inchi 27, namba yake ni 630, haziingiliani na hizo mbili. Ukipenda mtumba wa rimu hiyo, ujue kabla hujalipa kwamba tairi yake utaihangaikia.

Upana nao una maana. Kwa lami zetu zenye kokoto zilizochomoza, na mbigili, tunashauri upana wa milimita 28, na 32 kama fremu ina nafasi. Zile za 23 ziacheni. Na upepo usiupime kwa kidole gumba. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 28, paundi 75 hadi 80 zinamtosha, tena kwa pampu yenye geji. Ukiupunguza sana, siku utakayopiga shimo rimu itabana tyubu na utakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hayo hayakutokana na mwiba.

Kama unanunua mtumba kwingine, nenda na rula ya chuma. Kwenye cheni isiyochakaa, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi moja ya nane, mara nyingi imeshakula na gia, kwa hiyo gharama si cheni peke yake. Bana breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele na nyuma: ikigonga shingoni, gololi zimelegea au zimekufa. Pitisha kucha chini ya bomba kubwa la fremu, pale linapokutana na shingo, utafute ufa. Fremu ya kaboni ya mtumba mimi simshauri mnunuzi wa kwanza, kwa sababu inaweza kuwa imepasuka ndani huku rangi inang'aa.

Ukija kujaribu, vaa viatu utakavyoendeshea, acha kitambulisho, njoo kabla ya saa mbili asubuhi. Kofia ngumu tunakuazima. Na katika bajeti yako tenga hela ya tyubu mbili na pampu, usizimalizie zote kwenye baiskeli.

Yule kijana wa Isevya alirudi wiki mbili baadaye. Tulimpeleka barabara ya Itigi na ile nyekundu, akarudi anajisugua shingo. Kisha tukampa ya bluu iliyokwaruzika, fremu ya 54, ambayo alikuwa hajaiangalia hata mara moja. Safari hiyo tulimngoja dakika hamsini, maana alipitiliza kilomita tano bila kujua. Ile nyekundu bado ipo ukutani. Ni 58, inamngoja mtu wa mita 1.85 hivi.