Chikanda hakilimwi kama viazi mviringo

Mhariri,

Kila yanapokamatwa magunia ya chikanda yakielekea Tunduma, mpakani na Zambia, ushauri ni uleule: wananchi waache kuchimba porini, walime. Mbegu wataipata wapi, hakuna anayesema.

Chikanda ni viazi vya okidi, mimea ya maua inayoota kwenye nyasi za Nyanda za Juu Kusini, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Huko Zambia hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukapikwa na karanga, pilipili na magadi hadi ugande, ukakatwa vipande. Ni kitamu, sibishi. Kilikuwa chakula cha vijijini, kikaingia mijini. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi wakavuka mpaka.

Sasa chimbua mmea mmoja utazame. Chini kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anachukua hicho cha pili. Kwa kawaida mmea hutoa kipya kimoja tu kuchukua nafasi ya cha zamani, kwa hiyo ukipanda kimoja utavuna kimoja. Tena huchimbwa wakati wa maua, kwa kuwa ndipo unapoonekana, mbegu hazijakomaa. Mbegu zenyewe ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kukua bila kulishwa na kuvu fulani iliyomo udongoni. Mkulima wa Makete ana jembe na samadi. Kuvu hiyo haiuzwi dukani.

Hifadhi ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005 na inalinda sehemu ya okidi hizi. Nje ya mipaka, wachimbaji na mashamba vinagombania nyasi zilezile.

Ombi langu ni kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole: chagueni aina moja inayopendwa na wanunuzi, ioteshwe maabara pamoja na kuvu yake, kisha miche ijaribiwe kwa wakulima wachache. Itachukua miaka, najua. Wakati huo serikali za vijiji zinaweza kutunga sheria ndogo ya kupumzisha maeneo kwa zamu, na kuzuia kuchimba kabla mbegu hazijapeperuka. Kama kuna aliyekwisha kuanza kazi hii, gazeti lako limtafute atueleze amefikia wapi.

Msomaji, Makete